Kwaya Iliyoimba Imekaa

Swali lililokuwa likinikosesha usingizi mwaka ule lilikuwa moja tu: je, nitainama kama yeye? Mgongo ndio ulioniamsha kwanza, nisiusingizie moyo. Tangu mwanzo wa 2012 sehemu ya chini ya mgongo wangu, pale unapokutana na nyonga, ilikuwa inakaza kila nilipolala kwa muda, na kabla hakujapambazuka ilinibidi niinuke nizunguke chumba changu cha kupanga pale Lodwar hadi ilegee. Mgongo ukishalegea, swali lilibaki. Kama nitainama, ni lini? Nitainama kiasi gani? Na kama hakuna anayejua, mtu anapanga vipi maisha yake?

"Yeye" ninayemtaja ni Mwalimu. Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyeletwa Turkana na kazi ya serikali akiwa kijana, akazeekea huku. Kanisani kwetu alifundisha kwaya, na jina hilo la Mwalimu likamfuata hadi kwenye visima, hata wafugaji waliomwita kutengeneza pampu walimwita hivyo. Mimi niliimba sauti ya pili. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimepata mkataba mdogo wa kuingiza takwimu za shule kwenye kompyuta katika ofisi moja mjini, na kwaya ndiyo iliyonipa watu wa kusalimiana nao.

Mgongo na shingo ya Mwalimu vilikuwa kitu kimoja. Ukimwita kwa nyuma, hakugeuza kichwa. Aligeuka mzima, polepole, kwa kupiga vihatua vidogo, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na hataki tone limwagike. Macho yake yalielekea chini, mbele kidogo ya vidole vya miguu yake. Kwa hiyo alitufahamu kwa viatu. Mtu akiingia kanisani, Mwalimu alisalimia kwa Kiturkana kabla hajainuliwa mkono. "Ejok, akala," alimwambia mzee mmoja wa sauti ya nne aliyevaa makubazi ya tairi. "Ejok, visigino. Leo tunaimba au tunakwenda harusini?" Mimi nilikuwa raba nyeupe, au akitaka kunipa heshima zaidi, dada wa Kitale. Aliyenunua viatu vipya bila kumwarifu alikaa mazoezi mazima akiitwa mgeni.

Mchungaji mmoja aliyetutembelea, ambaye hakumjua, aliwahi kutuomba sote tuinue macho mbinguni wakati wa sala. Baadaye akamuuliza Mwalimu, kwa upole, kwa nini yeye hakuinua. Mwalimu akamjibu kwamba Mungu yuko kila mahali, na yeye amepangiwa upande wa chini. Tulicheka, mchungaji naye akacheka, na jambo likaisha hapo. Hivyo ndivyo mambo ya mgongo wake yalivyoisha siku zote.

Si kwamba watu hawakuwa na maelezo. Walikuwa nayo mengi mno. Wafanyakazi wenzake walisema ni kulala chali chini ya mitambo. Wengine walisema ni mabomba aliyobeba begani kwenye mashamba ya kunyunyizia maji kule Katilu. Mwenyewe alituambia alianguka kutoka kwenye lori, na kila alipoisimulia hadithi ile lori lilibadilisha rangi. Hakuna aliyemsahihisha.

Alikuwa mkali juu ya pumzi kuliko juu ya maneno ya wimbo. Kijana mmoja alileta kinanda cha umeme, zawadi ya ndugu yake wa Nairobi, na Mwalimu akakikataa mbele ya watu wote. "Hicho hakipumui," alisema. "Kitawafundisha kusahau." Kila mazoezi yalianza kwa kuvuta hewa na kuishikilia, huku tumeweka mikono kwenye mbavu ili tuzisikie zikifunguka. Naye aliweka mikono yake kwenye mbavu zake. Nilisimama karibu naye mara nyingi, na niliona kwamba zake hazifunguki. Kifua chake kilikuwa kama debe. Alitudai noti ndefu ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuzifikisha nusu.

Na bado alivuta sigara. Alivuta nyuma ya tangi la maji la kanisa, mazoezi yakiisha, akidhani hatujui. Mwimbaji mmoja wa sauti ya nne alisimamishwa kwaya kwa kukutwa na pakiti mfukoni, na siku aliyokwenda kuomba msamaha akamfuma Mwalimu pale nyuma ya tangi akitoa moshi. Mwalimu hakutetereka. "Mimi siimbi," alimwambia. "Naongoza tu." Wakamaliza sigara ile pamoja, na yule bwana akarudi kwenye kwaya.

Kitu kimoja nilikiona kila Jumamosi bila kukielewa. Kabla ya kuanza, Mwalimu alikwenda kwenye ukuta wa nyuma wa kanisa, akaupa mgongo, akaegemeza visigino na makalio, akabaki hivyo amefumba macho. Tulinyamaza. Wote tuliamini kwamba anasali. Wengine hata walipunguza sauti za watoto wao. Ukutani, juu ya kimo chake, palikuwa na doa jeusi la mafuta ya nywele, la zamani, na sikuwahi kujiuliza limefikaje mahali ambapo kichwa chake hakifiki.

Nililielewa Eldoret. Nilikuwa nimezunguka hospitali nyingi kabla ya kufika huko. Niliambiwa ni kiti cha ofisi, ni godoro, ni mambo ya wanawake, ni mawazo. Hili la mawazo lilinichoma kwa sababu mawazo ninayo kweli. Mwishowe nilipata daktari wa viungo, mama mmoja asiye na haraka, aliyesoma picha na majibu ya damu kisha akaniambia nisimame ukutani. Visigino viguse. Makalio yaguse. Sasa kisogo. Akajaribu kupitisha kidole nyuma ya kichwa changu na kidole hakikupata pa kupita. "Kinagusa," alisema, akaandika.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa namwona Mwalimu ukutani amefumba macho, na lile doa juu yake. Hakuwa anasali. Alikuwa anajipima.

Daktari alinitajia jina la ugonjwa, akanieleza kwamba ni aina ya baridi yabisi inayoshika uti wa mgongo, inayowaanza watu wakiwa vijana. Mwili wenyewe unawasha moto kwenye viungo, na kwa baadhi ya watu, moto ukidumu miaka mingi, mifupa hujaribu kujitibu kwa kuota na kuungana. Nilimkatiza. Nilitaka kujua mimi ni wa baadhi gani. Hakukwepa swali. Alisema wanaume huungana mifupa zaidi kuliko wanawake, wavuta sigara zaidi kuliko wasiovuta, wenye moto mwingi kwenye damu zaidi kuliko wengine, na wale ambao picha yao ya kwanza tayari inaonyesha mfupa ulioota ndio wa kuangaliwa sana. Picha yangu ilikuwa karibu safi. Damu yangu haikuwa safi.

"Naweza kukuambia watu wa namna yako huwa wanakwendaje," alisema. "Wewe mwenyewe utakwendaje, siwezi. Tutakuwa tunakupima. Kunywa dawa, usiache kutembea na kujinyoosha, na urudi."

Mtu mwingine angetoka pale akiwa na dawa, mazoezi na tarehe ya kurudi. Mimi nilitoka na neno moja, siwezi, na nikalibeba hadi Lodwar. Njiani nilijipanga upya kila mara. Ni mwanamke, sivuti, picha ni nzuri, kwa hiyo nitapona. Lakini damu. Lakini picha ya leo si ya mwakani. Lakini hata Mwalimu aliwahi kuwa na picha nzuri, na doa lile ukutani ndilo ushahidi kwamba kuna siku kichwa chake kiligusa.

Ndipo nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana. Kama daktari hawezi kuniambia, Mwalimu ataniambia, na si kwa mdomo wake, maana mdomo wake ungenipa lori. Ataniambia kwa kwaya.

Kwaya yetu ilikuwa inaimba imekaa. Si wote: safu ya mbele, wanawake wa sauti ya kwanza, walikaa kwenye mikeka, safu ya pili ilipiga magoti au kukaa kwenye viti vifupi, na wanaume walisimama nyuma kabisa wameinamisha vichwa. Nilipofika Lodwar nilidhani ni utaratibu wa dhehebu. Baada ya Eldoret nilifahamu. Tulikaa ili atuone nyuso. Kadiri alivyoinama, ndivyo kwaya ilivyoshuka, na hakuna aliyewahi kulitamka.

Nilimwendea Mama Ekai, Mturkana aliyeimba pale kabla ya wote, muuza makuti ya kuezekea sokoni. Nilimuuliza walianza lini kukaa.

"Wewe unauliza kama polisi," alisema. "Zamani tulisimama wote. Halafu mabenchi ya shule yakaletwa, mbele tukakaa. Halafu mabenchi yakaenda, tukakalia ekicholong."

Ekicholong ni kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho. Hukikalia mchana na hulaza kichwa juu yake akilala. Mama Ekai alicheka akikumbuka jinsi akina mama walivyobeba vigoda vya waume zao kwenda kumwimbia Bwana. "Na sasa mikeka," alimalizia. "Bado kuchimba shimo."

Nilikwenda nyumbani nikachora mstari. Kusimama, benchi, kigoda, mkeka. Nilimuuliza huyu mwaka, yule mwaka, nikaunganisha vituo, na mstari ukateremka sawasawa kama njia ya kushukia mtoni. Kisha nikauweka mwanzo wa mstari ule kwenye umri wangu, nikausoma hadi mwisho. Benchi ningekuwa sijafikisha miaka thelathini na mitano. Mikeka, watoto wangu, kama ningewapata, wangekuwa bado wadogo. Nilikaa na karatasi ile mapajani nikisikia baridi, katika mji ambao hakuna anayesikia baridi.

Tangu siku hiyo sikuamua jambo lolote. Dawa nilizinywa leo nikaziacha kesho, kwa kuhofia tumbo, kisha kwa kuhofia kwamba nimeziacha. Baba yangu alinipigia simu kutoka Kitale akisema chumba changu kiko vilevile, nirudi, mgonjwa hatunzwi na ofisi. Sikusema ndiyo wala hapana. Nilitaka kwanza kujua.

Mwanzoni mwa 2013, wakati mji wote unazungumza habari za kaunti mpya na nani atapewa ofisi ipi, Mwalimu alihamishiwa Kakuma, kwenye visima vya huko. Aliaga kwa wimbo mmoja na hotuba fupi iliyohusu kuchelewa. Wazee wa kanisa walinifuata wiki hiyohiyo. Walisema nimesoma muziki kidogo chuoni, sina familia ya kunivuta huku na huko, na Mwalimu mwenyewe amenitaja. Nichukue kwaya. Lakini waliongeza sharti: anayeichukua asiiache baada ya mwezi, kwa hiyo kama nafikiria kurudi Kitale niseme mapema.

Niliomba muda. Nikaomba tena. Hofu yangu sikuwaeleza. Kwaya ile ilikuwa imeshuka hatua kwa hatua na mgongo wa mtu mmoja, na mimi nilijiona nimesimama mahali pake, nikianza pale alipoanzia, mbele ya watu wale wale wenye adabu ya kutouliza. Miezi ikapita. Mwimbaji mmoja akawa anashika uongozi, mwingine akawa anapokea, na Jumapili zikawa za aibu. Hatimaye mzee wa kanisa aliniambia kwa utaratibu kwamba wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Nikaomba nafasi kwenye gari la maji linalokwenda Kakuma. Nilikuwa na karatasi yangu kwenye mkoba. Barabara ile iliutingisha mgongo wangu kwa namna ambayo sitaieleza.

Nilifika Jumapili, ibada inaendelea, katika kanisa la udongo na mabati ndani ya kambi. Kwaya ya Mwalimu ilikuwa ya wakimbizi wa Sudan Kusini, watu warefu, na safu yao ya mbele ilikuwa imekalia makopo matupu ya mafuta ya mgao, magoti yakiwa karibu na masikio. Waliimba vizuri kuliko sisi. Baadaye nilimuuliza mama aliyeongoza sauti ya kwanza kwa nini wanakaa, nikitegemea aniambie ni kwa ajili ya Mwalimu.

"Hii si desturi ya kwaya ya Kenya?" alinijibu, akishangaa. "Mwalimu alikuja, akakaza macho chini, sisi tukakaa. Tukasema hawa watu wana heshima mbele ya Mungu. Hata kanisa ile ya upande wa pili sasa wanakaa."

Mgongo wa mtu mmoja ulikuwa umeanzisha desturi ya ibada.

Mwalimu nilimkuta kwenye kivuli cha nyumba ya pampu, amevaa miwani myeusi, sigara mkononi. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Ejok, raba nyeupe," alisema. "Umeniletea kwaya au umekuja kunishtaki?"

Nilimsalimu, nikamwambia habari za Lodwar, nikazunguka kama kawaida yangu, hadi nikajisikia aibu. Ndipo nikamuuliza mgongo wake ulianza vipi.

"Nilianguka mnara wa tangi. Katilu."

"Sisi ulituambia lori, Mwalimu."

"Basi nilianguka mara mbili."

Sikuweza kubishana naye kwa maneno. Nilikwenda kwenye ukuta wa nyumba ya pampu, nikaupa mgongo. Nikaweka visigino, makalio, kisha kisogo. Nikafumba macho kama yeye. Kwa muda nilisikia injini tu ndani ya nyumba. Kisha nikasikia vihatua vyake vidogo, na nilipofumbua macho alikuwa ameshasimama karibu nami ukutani, visigino vimegusa. Kati ya kichwa chake na ukuta pangeweza kukaa mtoto mchanga. Sigara alikuwa ameizima.

"Nani amekufundisha hivyo?" aliuliza, akiitazama miguu yangu.

"Daktari, Eldoret."

"Na asubuhi?"

"Mbaya. Nikitembea unalegea."

"Ukipumzika?"

"Unazidi."

Alitoa kicheko kifupi kisicho na furaha. Alisema yeye zamani alikwenda hospitali mara moja tu, akaambiwa apumzike, akapumzika karibu mwaka mzima kama mfalme, na alipoinuka kitandani kichwa hakikugusa tena ukuta. Ule ukuta wa Lodwar aliuanza kabla ya hapo. Doa ni lake. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu niliyemjia kama mtu anavyokwenda kwa mwenye majibu.

"Ina jina?"

Nikamwambia jina. Alilirudia kwa sauti ya chini, akipima silabi, jinsi anavyofanya na maneno ya wimbo mgeni. Miaka yote ile alikuwa na ugonjwa usio na jina, na alikuwa ameujaza malori na minara.

Nikatoa karatasi. Nilimweleza kusimama, benchi, kigoda, mkeka, na jinsi nilivyousogeza mstari ule ukawa wangu. Alitaka aione karibu, nikaishika chini ya macho yake. Alianza kucheka kabla sijamaliza, akacheka hadi akakohoa.

"Mikeka?" alisema. "Dada, mikeka ni waume za watu. Walikuja kwangu wote, na fimbo, wanataka vigoda vyao. Wanaume wamelala vichwa chini kwenye mchanga kwa sababu wake zao wanaimba. Nikasema rudisheni, kaeni kwenye mkeka. Na mabenchi shule iliyadai kwa mitihani."

"Kwa hiyo mgongo..."

"Mgongo ulinyamaza zamani. Wakati wa mabenchi. Haujashuka tena hata kidogo."

Nilimuuliza kwa nini ulinyamaza, na nadhani niliuliza kwa sauti ya juu. Hakujua. Hata kwa nini ulianza hakujua. Ana mdogo wake huko kwao, wa tumbo moja, anayeamka asubuhi amekauka vilevile, na mdogo wake huyo analima na kuangalia mwezi kama watu wengine. Sigara wanavuta wote wawili. Aliyasema haya bila kujaribu kunifariji, kama mtu anayehesabu vifaa vilivyobaki stoo.

"Nilikuja nijue kama nitainama," nikasema.

"Ningejua hayo ningejiambia mimi kwanza," alisema. "Unajua mimi sina suti? Mwaka ule mgongo uliposhuka, fundi alitaka kunipima, nikamwambia ngoja ufike mwisho, nisishone mara mbili. Nikangoja. Watoto wangu watatu wameoa na kuolewa, na kwenye picha zote nimevaa koti la kazi. Mgongo ulikuwa umeshafika mwisho, na mimi bado nangoja."

Hilo ndilo jambo ambalo hakuwahi kulifanyia mzaha. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia, kwa nini alituacha tuamini anasali.

"Mlikaa chini bila kuuliza," alisema. "Ningeanzia wapi?"

Alivua miwani apanguse jasho, na nikaona jicho lake la kushoto. Lilikuwa jekundu kama nyanya, linatoa machozi, na alilifumba haraka jua lilipolipata. Akasema ni vumbi la Kakuma, humjia, hukaa wiki, huondoka. Daktari wangu alikuwa amenionya juu ya jicho la namna hiyo: jekundu, linauma, linachukia mwanga. Ni ugonjwa uleule, na jicho haliwezi kungojewa. Nilimwambia twende zahanati.

"Kesho," alisema.

"Leo, Mwalimu."

Aligeuka mzima, akaniangalia viatu kwa muda mrefu. Halafu akatangulia. Zahanati walimpa dawa ya matone na karatasi ya kwenda kwa daktari wa macho Lodwar, na nilimwona akikaa kwenye foleni na akina mama na watoto, akiwasalimia viatu vyao mmoja mmoja. Muuguzi alipomuuliza mgongo una nini, nilingoja mnara au lori. Alitaja jina. Alilitaja vibaya kidogo, lakini alilitaja.

Nilirudi Lodwar na swali langu likiwa halijajibiwa. Nataka nilikiri hili wazi, maana watu huniuliza kama Mwalimu alinitoa hofu. Hakunitoa. Bado naamka nikikaza, bado nawaza kuhusu damu. Lakini karatasi ile niliiacha kwenye nyumba ya pampu. Nilimpigia baba simu, nikamwambia chumba ampe mdogo wangu. Nilipanga tarehe ya kurudi Eldoret, na dawa nikaanza kuzinywa kila siku, na chakula, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Kisha nikamwambia mzee wa kanisa kwamba naichukua kwaya.

Jumamosi iliyofuata mikeka ilikuwa imeshatandikwa na akina mama wamekaa. Nilikwenda kwenye ukuta wa nyuma, chini ya lile doa, nikaupa mgongo. Walinyamaza kama walivyozoea. Sikufumba macho. Niliwaambia kwamba hii si sala, hata ya Mwalimu haikuwa sala. Nikawaambia ugonjwa wake unaitwaje, kwamba yuko kwenye matibabu ya jicho na amesema niwaeleze, na kwamba ugonjwa huo ninao.

Mama Ekai ndiye aliyeuliza, yeye ambaye hakumuuliza Mwalimu miaka yote.

"Na wewe utainama?"

"Sijui, Mama Ekai. Hata daktari hajui. Leo kinagusa."

Nilitoka ukutani nikasimama mbele yao.

"Simameni," niliwaambia. "Siku nikihitaji mkae, nitawaambia."

Walitazamana. Mtu mmoja nyuma alinung'unika kwamba ameshazoea. Kisha Mama Ekai akajiinua kwa mkono mmoja, akajipangusa, akainama na kuanza kukunja mkeka.